Msokoto wa Nafasi-Wakati na Spini ya Maada: Ufafanuzi wa Dhana na Istilahi katika Nadharia ya Einstein na Cartan

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili dhana mbili ambazo zimeunganishwa katika nadharia za kijiometri za uvutano, yaani msokoto wa nafasi-wakati na spini ya maada. Dhana ya kwanza ni ya wanahisabati na ilitolewa na Élie Cartan huko Ufaransa mwaka 1922. Ya pili ni ya wanafizikia na ilipendekezwa na George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit huko Uholanzi mwaka 1925. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kabla hazijaunganishwa katika nadharia moja iliyokamilika.

Huenda msomaji akauliza kwa nini suala hili liletwe mbele ya wataalamu wa lugha. Jibu ni kwamba ugumu wake kwa kiasi kikubwa ni ugumu wa maneno. Istilahi tatu zinakaribiana mno kimaana katika lugha ya kila siku: kupinda, kusokota na kuzunguka. Mfasiri asiyezipambanua anaweza kuandika sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini isiyo ya kweli kifizikia. Hatari hiyo haiwakabili Waswahili peke yao. Kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya 5.0, hata wanafizikia wanaotumia Kiingereza wamewahi kuvutana kuhusu jaribio ghali la angani kwa sababu ya tofauti kati ya spini na mzunguko.

Kazi ya kusanifu istilahi iliyofanywa na TUKI na BAKITA, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (1990), iliweka msingi wa kuandikia sayansi kwa Kiswahili. Makala haya yanajenga juu ya msingi huo kwa kuingia katika eneo moja la ngazi ya juu. Sehemu ya 2.0 inatofautisha mpindo na msokoto, ya 3.0 inaeleza spini; ya 4.0 inaonyesha jinsi viwili hivyo vinavyounganishwa; ya 5.0 inajadili ushahidi. Na ya 6.0 inatoa mapendekezo ya istilahi.

2.0 Mpindo na Msokoto

2.1 Mfano wa Kamba

Mtu aliyeshika kamba iliyonyooka anaweza kuifanyia mambo mawili yaliyo tofauti. Anaweza kuipinda, na kamba ikawa na umbo la tao huku nyuzi zake zikiwa hazikusokotwa zaidi. Anaweza pia kuisokota huku imenyooka vilevile. Kwa hiyo, kupinda si kusokota, na kimoja hakihitaji kingine. Tofauti hii, ambayo kila msokota kamba anaifahamu kwa vidole vyake, ni njia nzuri ya kuingilia katika mada. Hata hivyo ni njia ya kuingilia tu. Kamba ipo ndani ya nafasi na inaweza kutazamwa kutoka nje, ilhali nafasi-wakati haina nje ya kusimama na kuitazama. Mpindo na msokoto wake havina budi kupimwa kutoka ndani.

2.2 Uhamishaji Sambamba na Mpindo

Kipimo cha ndani kinatokana na swali hili: mshale ulioelekezwa upande fulani ukichukuliwa kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kugeuzwa, utaelekea wapi? Kanuni inayojibu swali hilo huitwa kanuni ya uhamishaji sambamba. Tullio Levi-Civita aliifafanua mwaka 1917, akiendeleza jiometri ambayo Bernhard Riemann aliiasisi mwaka 1854.

Uchukuliwe mfano wa uso wa dunia. Msafiri anaondoka Ncha ya Kaskazini akifuata longitudo ya 37 Mashariki, mkononi akiwa na mshale unaoelekea mbele yake, yaani kusini. Anafika Ikweta karibu na Nanyuki, nchini Kenya. Hapo anageuka kuelekea mashariki bila kuugeuza mshale, akifuata Ikweta kwa digrii 90 hadi karibu na kisiwa cha Halmahera, Indonesia. Njia nzima mshale umeendelea kuelekea kusini. Kisha anapanda moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, mshale ukielekea nyuma yake. Anapofika alikoanzia, anakuta kuwa mshale unaelekea kwenye longitudo ya 127 Mashariki na si ya 37. Umegeuka digrii 90 ingawa hakuna hatua hata moja ambayo uligeuzwa. Mgeuko huo ndio mpindo. Juu ya uso bapa usingetokea.

2.3 Msokoto

Msokoto hupimwa kwa njia nyingine. Hapa hakiangaliwi kilichoupata mshale baada ya kuzunguka, bali huangaliwa kama pande nne za msambamba hukutana.

Wachukuliwe manahodha wawili katika Bahari ya Hindi, wote wakianzia latitudo ya 10 Kaskazini na longitudo ya 60 Mashariki. Kanuni yao ni ya dira: mielekeo miwili huhesabiwa kuwa sambamba ikiwa inafanya pembe ileile na kaskazini. Wa kwanza anakwenda mashariki kilomita 1,000, kisha kaskazini kilomita 1,000. Wa pili anaanza na kaskazini kilomita 1,000, kisha mashariki kilomita 1,000. Kwa kuwa longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyopanda kaskazini, manahodha hao hawatakutana. Wote watakuwa kwenye latitudo ya 19 hivi, lakini wa pili atakuwa kama kilomita 40 mashariki ya mwenzake. Msambamba haukufunga. Pengo la aina hiyo, likichunguzwa kwa hatua fupi mno, ndilo linaloitwa msokoto.

Mfano huu una fundisho lililo muhimu. Kwa kanuni ya dira, mshale unaoelekea kaskazini utarudi ukielekea kaskazini baada ya safari yoyote isiyopita kwenye Ncha, yaani mpindo ni sifuri. Kwa kanuni ya Levi-Civita, juu ya dunia ileile, kuna mpindo lakini msokoto ni sifuri. Kwa hiyo mpindo na msokoto ni sifa za kanuni ya usambamba, si za uso peke yake. Jiometri ya jumla inaruhusu vyote viwili kuwepo kwa pamoja.

Einstein, katika nadharia ya uhusianifu wa jumla aliyoikamilisha mwaka 1915, alitumia jiometri yenye mpindo bila msokoto. Katika nafasi-wakati yenye vipimo vinne, msokoto una viambajengo 24. Viambajengo vyote 24 vimewekwa kuwa sifuri katika nadharia hiyo tangu mwanzo. Jambo hilo halikuthibitishwa kwa jaribio. Lilikuwa ni dhana-tangulizi. Cartan alikuwa wa kwanza kuuliza nini kingetokea kama dhana-tangulizi hiyo ingeondolewa.

3.0 Spini ya Maada

Neno spini hutaja momenta ya mzunguko ambayo chembe inayo kwa asili yake, kama ilivyo na masi na chaji. Kwa elektroni, kipimo cha spini kwenye mhimili wowote hutoa moja kati ya thamani mbili tu, ambazo ukubwa wake ni nusu ya kiasi cha Planck kilichogawanywa kwa 2π, sawa na takriban 5.27 × 10⁻³⁵ jouli-sekunde. Hakuna thamani ya kati na hakuna njia ya kuipunguza.

Ni rahisi kuifikiria elektroni kama pia ya watoto inayozunguka juu ya msumari wake. Picha hiyo haifai. Kama elektroni ingekuwa kitufe chenye nusukipenyo cha mita 2.8 × 10⁻¹⁵, ambacho ndicho kipimo cha elektroni katika fizikia ya kikale, uso wake ungelazimika kwenda kwa kasi inayozidi kasi ya mwanga zaidi ya mara 100 ili kupata spini hiyo. Zaidi ya hayo, pia inaweza kusimamishwa, ilhali elektroni haiwezi kuvuliwa spini yake. Mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 ulionyesha kwamba spini inatokana na kuunganishwa kwa fizikia ya kwanta na uhusianifu, pasipo kuhitaji kitu chochote kinachozunguka.

Mwaka 1939, Eugene Wigner aliliweka suala hili katika msingi wa ulinganifu wa nafasi-wakati. Nafasi-wakati tupu haibadiliki ikisogezwa, wala haibadiliki ikigeuzwa. Kutokana na ulinganifu huo kwa ujumla wake, chembe za msingi huainishwa kwa sifa mbili: masi, inayohusiana na kusogezwa, na spini, inayohusiana na kugeuzwa. Ainisho hilo linazaa swali ambalo ndilo kiini cha makala haya. Ikiwa maada ina sifa mbili za msingi, na ikiwa moja kati yake, yaani masi, inaiathiri jiometri kwa kuipinda, je, ya pili haina athari yoyote?

4.0 Muungano wa Spini na Msokoto

4.1 Historia kwa Ufupi

Cartan alipoandika mwaka 1922, spini ya elektroni ilikuwa bado haijapendekezwa. Alivutiwa na kazi ya ndugu wawili, Eugène na François Cosserat, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1909 walichunguza vitu vinavyonyumbuka ambavyo kila nukta yake inaweza kusogea na pia kugeuka yenyewe. Cartan alitambua kwamba maada yenye momenta ya mzunguko ya ndani ingehitaji jiometri yenye msokoto. Alikuwa na jibu kabla maumbile hayajatoa swali.

Kuanzia mwaka 1928 Einstein mwenyewe aliugeukia msokoto, lakini kwa lengo tofauti. Alitafuta kuunganisha uvutano na usumakuumeme kwa jiometri yenye msokoto bila mpindo, inayofanana na ile ya manahodha wa dira. Cartan alimkumbusha kwa barua mwaka 1929 kwamba jiometri hiyo ilikwisha kuchunguzwa, na mawasiliano marefu yakafuata. Jaribio hilo la Einstein halikufaulu na aliliacha.

Muungano kamili ulipatikana kwa kazi za Tom Kibble (1961) na Dennis Sciama, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1976, Friedrich Hehl na wenzake watatu walichapisha mapitio mapana ya nadharia hiyo, ambayo inajulikana kama nadharia ya Einstein na Cartan.

4.2 Milinganyo kwa Maneno

Nadharia hii ina milinganyo ya aina mbili. Ya kwanza inafanana na ya Einstein: nishati na momenta za maada huamua mpindo. Ya pili ni mpya: densiti ya spini huamua msokoto. Kiasi kinachoziunganisha pande mbili za milinganyo ni kilekile katika aina zote mbili, yaani kiasi cha uvutano cha Newton pamoja na kasi ya mwanga. Hakuna namba mpya inayoingizwa.

Aina hizo mbili zinatofautiana katika jambo moja kubwa. Mlinganyo wa mpindo unahusu mabadiliko ya uga kutoka nukta hadi nukta, na ndiyo maana mpindo unaweza kuenea mbali na chanzo chake. Dunia huhisi Jua kupitia nafasi tupu, na mawimbi ya uvutano, yaliyopimwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, yalisafiri kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Mlinganyo wa msokoto hauna mabadiliko hayo. Ni wa kialjebra. Penye spini pana msokoto. Pasipo na spini hapana. Msokoto hautoki nje ya maada, hausafiri, na haufanyi mawimbi. Nje ya maada nadharia ya Einstein na Cartan na ile ya Einstein ni kitu kimoja.

Hapa pia lipo jambo linalohitaji uangalifu. Uga wa usumakuumeme, ambao kwanta yake ni fotoni yenye spini, hauunganishwi na msokoto katika namna ya kawaida ya nadharia hii, kwa kuwa muungano huo ungevunja ulinganifu unaoihifadhi chaji. Kauli kwamba kila chenye spini kinasokota nafasi-wakati ni pana kupita kiasi. Kauli sahihi ni kwamba spini ya maada kama elektroni na kwaki ndiyo chanzo.

5.0 Ukubwa wa Athari na Suala la Ushahidi

5.1 Densiti Inayohitajika

Athari ya msokoto huongezeka kwa mraba wa densiti ya spini, lakini inaanzia chini mno. Hehl na wenzake walikadiria kwamba ingekuwa sawa na athari ya masi pale tu densiti inapofikia kiasi cha gramu 10⁴⁷ kwa sentimeta moja ya ujazo kwa elektroni, na gramu 10⁵⁴ kwa nyutroni. Kiini cha atomi, ambacho ni miongoni mwa maada nzito kabisa zinazojulikana, kina densiti ya takriban gramu 2 × 10¹⁴ kwa ujazo huohuo. Pengo kati ya kiini na kiwango kinachohitajika kwa nyutroni ni karibu mara 10⁴⁰. Katika hali zote zinazoweza kupimwa leo, basi, nadharia hizi mbili hazitofautiani.

Zinatofautiana mwanzoni mwa ulimwengu. Uhusianifu wa jumla husema kwamba tukirudi nyuma katika wakati tunafikia hali ambapo densiti haina mwisho na milinganyo inavunjika. Andrzej Trautman alionyesha mwaka 1973 kwamba katika ulimwengu sahili ambao spini zote zimeelekezwa upande mmoja, msokoto hufanya kazi ya kusukuma: ulimwengu ungesinyaa hadi nusukipenyo cha kiasi cha sentimeta 1, kisha ungetanuka tena. Matokeo hayo yaliamsha matumaini. Hata hivyo G. D. Kerlick alionyesha mwaka 1975 kwamba maada ikielezwa kwa mlinganyo wa Dirac badala ya kielelezo cha umajimaji wenye spini, msokoto unaweza kuchochea mporomoko badala ya kuuzuia. Tangu mwaka 2010 Nikodem Popławski ameendeleza wazo la mruko wa ulimwengu kwa makala kadhaa, na mjadala haujafungwa.

5.2 Mfano wa Gravity Probe B

Mnamo tarehe 20 Aprili 2004 setilaiti ya Gravity Probe B ilirushwa ikiwa na jiroskopu nne. Kila moja ilikuwa kitufe cha kwatzi chenye ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza. Lengo lake lilikuwa kupima jinsi Dunia inavyopinda nafasi-wakati na jinsi inavyoiburura inapozunguka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliafikiana na utabiri wa Einstein.

Mwaka 2007, Yi Mao, Max Tegmark, Alan Guth na Serkan Cabi walipendekeza kuwa jaribio hilo lingeweza pia kuwekea msokoto mipaka, iwapo Dunia inayozunguka ingeweza kuuzalisha na jiroskopu inayozunguka ingeweza kuuhisi. Hehl na wenzake walipinga. Hoja yao ilitegemea kazi ya Philip Yasskin na William Stoeger ya mwaka 1980, iliyoonyesha kwamba katika nadharia za aina hii msokoto hugusana na spini ya asili ya chembe tu. Kitufe cha kwatzi kinazunguka kwa kasi, lakini spini za elektroni zake zimeelekea kila upande na jumla yake ni kama sifuri. Kwa mtazamo huo, jiroskopu hiyo haina masikio ya kuusikia msokoto.

Ubishi huo si wa maneno matupu, kwani watetezi wa pendekezo la kwanza walikuwa wanawazia nadharia zilizo pana kuliko ya Einstein na Cartan. Lakini unadhihirisha kwamba katika Kiingereza neno moja linalotumika kwa pia, kwa sayari na kwa elektroni linaweza kuficha mpaka ulio katikati ya swali.

5.3 Majaribio ya Spini

Majaribio yanayofaa ni yale yanayotumia maada ambayo spini zake zimepangwa upande mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, wanafizikia walijenga pendulamu yenye elektroni karibu 10²³ za namna hiyo na kuining'iniza kwa uzi mwembamba. Mwaka 2008 Alan Kostelecký, Neil Russell na Jay Tasson walitumia matokeo ya majaribio ya aina hii kuweka mipaka mikali kwa viambajengo 19 kati ya 24 vya msokoto unaoweza kuwepo katika mazingira ya Dunia. Hakuna dalili ya msokoto iliyoonekana. Matokeo hayo hayaikanushi nadharia ya Einstein na Cartan, kwa kuwa yenyewe inatabiri kuwa nje ya maada msokoto ni sifuri. Yanaziwekea mipaka nadharia zinazodai msokoto unaoenea.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mapendekezo manne yanatolewa.

(i) Neno mpindo litumike kwa badiliko la mwelekeo wa mshale uliozungushwa na kurudishwa. Kitenzi chake ni -pinda, na nafasi isiyo na sifa hiyo iitwe nafasi bapa.

(ii) Neno msokoto litumike kwa kutofunga kwa msambamba. Mzizi -sokota unanyambulika vizuri: nafasi inayosokoteka, iliyosokotwa, isiyosokotwa. Neno hili lisibadilishane na mpindo, hata pale ambapo mwandishi angependa kuepuka kurudia neno lilelile. Katika insha ya kisanaa kubadilisha maneno ni pambo. Katika maandishi ya sayansi ni kosa.

(iii) Neno spini likubaliwe kama mkopo, na neno mzunguko libaki kwa vitu vinavyozunguka kweli, kama vile sayari, pia na magurudumu. Wapo wanaopendelea mzizi wa Kibantu kila unapopatikana, na kwa jumla kanuni hiyo ni njema. Hapa lakini ugeni wa neno ni faida: unamzuia mwanafunzi kuichora akilini picha ya kitufe kinachozunguka, picha ambayo lugha iliyolizaa neno hilo imeshindwa kuifuta.

(iv) Msokoto ubainishwe kwa nomino ya pili pale ambapo utata unaweza kutokea. Pendulamu ya Seattle, kwa mfano, hufanya kazi kwa msokoto wa uzi, na ilitumika kuutafuta msokoto wa nafasi-wakati. Hisabati nayo ina msokoto wa mstari uliopinda, ambao ni dhana nyingine. Kiunganishi -a kinatosha kuondoa utata huo bila kuunda istilahi mpya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpindo na msokoto ni sifa mbili zinazojitegemea, kwamba spini ni sifa ya asili ya maada isiyotokana na mzunguko, na kwamba nadharia ya Einstein na Cartan huiunganisha spini na msokoto kama ile ya Einstein inavyoiunganisha nishati na mpindo. Nadharia hiyo haijathibitishwa wala kukanushwa, kwa sababu mahali inapotofautiana na ile ya mwaka 1915 hapajafikiwa na chombo chochote. Thamani yake ni kwamba imelifanya kuwa swali jambo lililokuwa limechukuliwa kimyakimya, yaani kuweka namba 24 kuwa sifuri.

Kwa upande wa lugha, suala lililojitokeza si kama Kiswahili kinaweza kulibeba somo hili. Mizizi ipo, na baadhi yake, kama -sokota, inabainisha dhana kwa uwazi. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuyatumia maneno hayo kila moja mahali pake, pamoja na ushirikiano wa karibu kati ya idara za fizikia na za Kiswahili, ili istilahi zipimwe kwa milinganyo kabla hazijaingizwa katika kamusi.